Kumbandua na kumshtaki
Hapa Bugoye, wilayani Kasese nchini Uganda, habari za siasa za Kenya hutufikia na neno lake la Bunge kumwondoa kiongozi madarakani: kumbandua. Kinachobanduliwa ni kilichogandamana, kama karatasi ukutani, na kweli mwenye kiti hakiachi kwa hiari. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 46A, inataja hoja ya "kumshtaki Rais". Nalipenda zaidi neno hilo la kumshtaki, maana linadai kosa litajwe kwanza.

Marekani mwaka 2020 ilionyesha kwa nini. Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu alifariki tarehe 18 Septemba, naye Rais Donald Trump akataka nafasi ijazwe upesi, uchaguzi ukikaribia. Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi, aliulizwa kama baraza lake lingemfungulia Trump mashtaka ili Seneti ishughulike nayo na uthibitisho wa jaji mpya ukwame. Hakulikataa wazo hilo. Mashtaka hayakuletwa, na jaji mpya, Amy Coney Barrett, alithibitishwa na Seneti tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48.

Hila ya namna hiyo ni kukawilisha, isiitwe kushtaki. Uganda nako majaji huteuliwa kwa idhini ya Bunge, kwa mujibu wa Ibara ya 142 ya Katiba. Mbunge asiyemtaka jaji asimame, ampinge kwa jina na kwa sababu, kura ipigwe.