Liwali, Jumbe na Akida: Wakubwa wa Mji wa Pangani

Mji wa Pangani umekaa mdomoni mwa mto wa jina lake, upande wa kaskazini, ukiitazama Bweni ng'ambo ya pili. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilitoka hapa kwenda Kilimanjaro na Umasaini, na kandokando ya mto yalikuwapo mashamba ya miwa. Mji wenyewe haukuwa mkubwa, walakini ulikuwa na wakubwa wa namna mbili, nao hawakuupata ukubwa wao mahali pamoja.

Wa kwanza alikuwa liwali. Huyu aliwekwa na Sultani wa Unguja. Alikuwa na askari wachache, na nyumba yenye bendera nyekundu, na kazi ya kupokea nyaraka na kuzijibu. Hata forodha haikuwa mkononi mwake, maana ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi. Wa pili walikuwa majumbe, walioitwa pia madiwani, watu wa koo zilizojiita za Kishirazi. Jumbe hakuwekwa na Unguja. Katika miji ya Mrima mtu aliyeutaka ujumbe sharti awe na nasaba, kisha atoe ada kwa waliomtangulia, na afanye karamu ambayo mji mzima utakula na kushuhudia. Aliupata ukubwa wake kwa kulisha, naye aliyeacha kutoa aliacha kusikilizwa.

Si kwamba majumbe hao walikuwa watu wa haki. Sukari iliyowatajirisha wenye mashamba ilitoka katika jasho la watumwa, na karamu haikuwa sadaka: aliyekula alijua kwamba amejifunga. Lakini kamba ile ilimfunga na mwenyeji pia. Liwali aliyelitambua jambo hilo alitawala kwa kushauriana nao. Asiyelitambua alibaki na bendera yake na askari wake wachache.

Aprili 1888 Seyyid Khalifa, ambaye ndiyo kwanza ameshika utawala baada ya kufa kwa Seyyid Barghash, aliikodisha kampuni ya Wadachi uongozi wa pwani kwa muda wa miaka 50. Mkataba ulisema kwamba kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Agosti, Emil von Zelewski, mtu wa kampuni, akamtaka liwali wa Pangani, Abdulgawi bin Abdallah, akubali bendera ya kampuni ipandishwe, na yeye mwenyewe awe chini ya amri yake. Liwali akakataa, hajaletewa amri na bwana wake. Jibu hilo ni la karani kuliko la shujaa, na kwa sababu hiyo lina uzito wake. Mtu aliyewekwa kwa waraka hakuwa na kitu kingine cha kusimamia ila waraka.

Basi wakateremshwa askari wa manowari Carola. Bendera ya Sultani ikaangushwa, na Zelewski akaingia msikitini na mbwa wake akimtafuta liwali, na siku zenyewe zilikuwa za Idi ya Mfunguo Tatu. Tangu hapo neno likawatoka wakubwa wote, liwali na majumbe pia. Watu wa mjini, na wa mashamba, na wa bara waliokuja na silaha zao, wakawazingira watu wa kampuni katika nyumba yao, hata Septemba Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, akaja kuwaondoa kwa shida. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, akawa kiongozi wa vita. Miongoni mwa majumbe wako waliomfuata kwa moyo, na wako waliomfuata kwa kuwaogopa watu wao wenyewe. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vita hivyo vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, nao ulipigwa chapa mwaka 1955.

Wadachi waliposhika nchi hawakuyafuta majina ya zamani. Waliyajaza mambo mapya. Liwali akawa mtu wa mshahara, akikata mashauri madogo chini ya mkuu wa wilaya aliyekaa bomani. Akida, ambalo zamani lilikuwa jina la kiongozi wa vita au wa vijana, akawa mtumishi wa serikali mwenye majumbe kadhaa chini yake, na mara nyingi alikuwa mgeni katika nchi aliyopewa. Sheria ya kodi ya nyumba ilipotolewa mwaka 1897, mzigo wa kuikusanya uliwaangukia hao. Jumbe aliyekuwa akialika watu nyumba kwa nyumba sasa alizihesabu nyumba zile zile. Kusini, katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwindwa. Pangani haikuinuka tena.

Waingereza waliuingia mji Julai 1916. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, hakuupenda uakida, akataka watu watawaliwe na wakubwa wa asili yao. Lakini katika miji ya pwani liwali aliachwa katika baraza lake, akiamua mashauri ya ndoa na mirathi. Uchifu ulifutwa mwanzo wa mwaka 1963, na katika miaka hiyo hiyo mahakama za zamani zikaondolewa, na uliwali ukaisha.

Neno diwani, hata hivyo, limebaki. Leo ni mtu aliyechaguliwa kwa kura kuisemea kata yake katika halmashauri. Na swali la karamu likabaki nalo. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ya uchaguzi, hata ukarimu wa kimila wa mgombea, ulioitwa takrima, usihesabiwe kuwa rushwa. Watetezi wake walisema kwamba kumkirimu mgeni ni desturi ya Mwafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali.