Podikasti nchini Kenya

Podikasti ni kipindi cha sauti, na siku hizi mara nyingi cha video pia, kinachowekwa kwenye intaneti ili kila mtu akisikilize kwa wakati wake. Nchini Kenya shughuli hii imejikita Nairobi. Adelle Onyango, mtangazaji wa zamani wa redio, alianzisha podikasti ya Legally Clueless mwaka 2019, na Siku ya Podikasti Afrika huadhimishwa tarehe 12 Februari. Vipindi vingi ni vya Kiingereza na Sheng, lugha ya mtaani.

Laare, mji wa miraa katika Igembe Kaskazini, kaunti ya Meru, una mahitaji yake, tofauti na ya Nairobi. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni kwa pikapu ingali mbichi, kwa hiyo bei huulizwa kwa simu na malipo hupitia M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyozinduliwa mwaka 2007. Kwa Kimeru, lugha ya huko, redio kama Muuga FM bado ndiyo sauti ya nyumbani. Video ndefu hula bando. Sauti hupakuliwa mapema, ikasikilizwa hata pasipo mtandao. Kwa kuwa biashara yao hutegemea simu, podikasti ya Kimeru kuhusu matapeli wa simu ingewafaa wachuuzi wa Laare kuliko gumzo lolote la studio za Nairobi.