Kutoka shanga za Unyanyembe hadi mashine za gemu: Historia ya kufuli la ukanda

Kilomita chache kutoka Tabora mjini, pale Kwihara katika eneo la Unyanyembe, lipo tembe walilokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley kabla ya kuagana Machi 1872. Leo ni makumbusho. Wageni huja kutazama kuta zake nene za udongo na kusikia habari za wazungu wawili. Wachache huuliza juu ya mizigo iliyoshushwa uani, na ndani ya mizigo hiyo kulikuwa na somo ambalo vijana wa Tabora wanalisoma upya leo mbele ya televisheni.

Mizigo hiyo ilikuwa shanga. Kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo mwaka 1871, Stanley alinunua Unguja magunia 22 ya shanga za aina 11. Hakununua aina nyingi kwa kupenda rangi. Wafanyabiashara wa Unguja walimweleza kwamba katika Unyamwezi watu walitaka samesame, ile shanga nyekundu, na nyingine wangezikataa. Bubu, shanga nyeusi, ilipokewa Ugogo, lakini kwingine haikuwa na thamani. Sungomaji, kubwa kama yai la ndege, ilitamba Ujiji tu na ng'ambo ya ziwa. Msafara uliokosea hesabu ulifika umebeba mali kamili begani, usiweze kununua hata kibaba cha mtama.

Shanga ilikuwa nzima. Ila ukanda haukuwa wake.

Kijana anayeletewa mashine ya gemu na ndugu aliyeko Japani au Marekani hukutana na jambo la namna hiyo. Anaweka diski iliyonunuliwa kwa fedha halali, na skrini inamwambia haitambuliki. Hilo ndilo kufuli la ukanda: mtengenezaji huigawa dunia mafungu, kisha huifanya mashine ya fungu moja ikatae gemu za fungu jingine.

Kufuli lilivyoanza

Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani mwaka 1983. Kaseti zake zilikuwa na pini 60. Mashine hiyo ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, kaseti zilipewa pini 72, na ndani mkawekwa chipu ya ulinzi. Chipu ya mashine na chipu ya kaseti ziliulizana na kujibizana. Jibu lisipofika, mashine ilijizima na kujiwasha bila kukoma. Kampuni ilitaka iamue nani achapishe gemu, wapi, na kwa bei gani.

Kulikuwa pia na sababu ya umeme na picha. Televisheni za Japani na Marekani zilitumia mfumo wa NTSC, picha 60 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya Ulaya na ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitumia PAL, picha 50. Gemu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya 60 zililetwa kwenye 50 bila kurekebishwa, zikapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na juu na chini ya picha kukabaki michirizi myeusi. Ndiyo maana mpenzi wa gemu wa upande wetu aliitamani diski ya Japani. Aliitaka gemu kama ilivyotungwa.

Tanzania Bara yenyewe ilipata kituo cha televisheni mwaka 1994, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar. Desemba ya mwaka huo huo Sony ilitoa PlayStation nchini Japani. Kizazi cha televisheni na kizazi cha gemu, kwa mikoa ya bara kama Tabora, vilikaribia kuzaliwa pamoja.

Kuzunguka bila kuvunja

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Stanley alijiunga na Waarabu wa Tabora kupigana naye, wakashindwa vibaya. Mwishowe alizunguka upande wa kusini kupitia Ukonongo, akafika Ujiji kabla mwaka haujaisha. Nguvu ilishindwa pale ambapo subira na kujua njia vilifaulu.

Historia ya gemu nayo ina njia hizo mbili. Ya kwanza ni kufungua mashine na kuchomelea chipu. Iliwafikisha wengi, lakini mkono wa fundi ukiteleza mashine hufa, na ulinzi dhidi ya diski bandia nao huondoka. Ya pili ni kupita kando bila kugusa bisibisi.

Kwa kaseti kilitumika kiungo cha katikati: upande mmoja kinapokea pini 60, upande wa pili kinatoa 72. Ajabu ni kwamba Nintendo yenyewe ilificha kiungo hicho ndani ya baadhi ya kaseti za mwanzo za NES, kama Gyromite, na wajuzi wakazitafuta kwa ajili hiyo.

PlayStation ilikuwa na kufuli la werevu zaidi. Kwenye duara la ndani la diski, Sony iliuyumbisha mstari wa data kwa kiasi kidogo sana, na katika myumbo huo ikaficha herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya na nchi zilizohudumiwa nayo. Mashine za awali zilikagua herufi hizo wakati wa kuwaka tu. Watu wakagundua kwamba ukibana kitufe cha kifuniko ili mashine idhani kimefungwa, ukaweka diski ya ukanda wako, kisha ukaibadilisha upesi kwa ile ya kigeni, gemu inaanza. Ilihitaji jicho na sikio, maana mchezaji alisubiri diski ipunguze mwendo. Aliyekosea alichubua diski au kuchosha mota.

Waliofuata walipata zana safi zaidi. Sega Saturn ilikuwa na tundu la kaseti juu, na kaseti ya Action Replay ilitosha kuipitisha gemu ya nje. GameCube ya 2001 ilipata Freeloader, diski ya kampuni ya Datel ya Uingereza: unaiweka kwanza, inaipumbaza mashine, kisha unaweka gemu yako. PlayStation 2 ilikuwa na Swap Magic. Mashine haikufunguliwa hata skrubu moja.

Lakini Game Boy ya 1989 haikuwa na kufuli lolote. Kaseti ya Tokyo ilicheza kwenye mashine ya London. Biashara ya Nintendo haikufa kwa sababu hiyo. Mashine hiyo iliuzwa kwa mamilioni mengi.

Kufuli linaporudi

PlayStation 3 ya mwaka 2006 iliacha gemu karibu zote wazi. Juni 2013 Microsoft ilitangaza mpango wa kuifunga Xbox One kwa ukanda, wateja wakapaza sauti, na mwezi huo huo ikaufuta. Nintendo, iliyoshikilia kufuli kuliko wote, iliiachia Switch mwaka 2017.

Tungesema yamekwisha, lakini kufuli limehama tu kutoka kwenye diski likaingia kwenye akaunti. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haifunguliwi rasmi Tanzania, wala katika nchi nyingi za Afrika. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170, na watu waliokwisha kulipa wakabaki na wasiwasi. Baada ya siku chache za malalamiko Sony iliachana na sharti hilo. Mwaka 2025 Nintendo ilitoa Switch 2 kwa Wajapani kwa yeni 49,980, nafuu kuliko ile ya lugha nyingi ya yeni 69,980, lakini ya bei nafuu inazungumza Kijapani tu na kukubali akaunti za Japani tu.

Hapa ndipo shanga za Unyanyembe zinapotufundisha. Bubu ilipokataliwa Tabora, aliyeikataa alikuwa mpokeaji: mkulima mwenye mtama wake, aliyejua anachotaka. Mfanyabiashara wa pwani alilazimika kumsikiliza na kupanga magunia yake upya. Katika gemu, ufunguo umechukuliwa na muuzaji, na mnunuzi aliyekwisha kulipa ndiye anayeomba njia. Hilo si haki, hata likiandikwa kwa lugha nzuri ya mikataba. Matukio ya 2013 na 2024 yanaonyesha kwamba wanunuzi wakisema kwa pamoja, ufunguo hurudi mikononi mwao.

Kwako msomaji unayetarajia mashine kutoka ng'ambo, uliza mambo matatu kabla haijapakiwa. Uliza umeme wake: Japani ni volti 100, Marekani 120, kwetu 230, na adapta isiyohimili tofauti hiyo itaungua siku ya kwanza. Uliza ukanda wa diski zake. Uliza pia akaunti yake inafunguliwa katika nchi gani. Waliopanga misafara Unguja waliuliza shanga ipi inapokewa wapi kabla mpagazi hajainua mzigo. Nasi tuulize kabla ya kulipa.