Simu ya mezani na ya mkononi: wake wenza au ndugu?

Leo tuzungumze swali ambalo wachumi hulipenda na sisi wengine hulipuuza. Je, simu ya mkononi imechukua nafasi ya simu ya mezani, au kila moja ina kazi yake? Msilione dogo. Jibu lake ndilo humwonyesha mdhibiti kama kampuni fulani ina mshindani wa kweli, au imekaa peke yake sokoni ikitupangia bei ipendavyo.

Kwanza tuelewane. Mkaa ukipanda bei, mama mwenye jiko la mafuta ya taa huwasha jiko hilo. Vitu hivyo vinashindana. Sukari ikipanda, hakuna anayekimbilia majani ya chai. Pengine atapunguza vyote viwili. Vitu hivyo vinasaidiana. Basi kipimo ni bei: gharama ya simu ya mezani ikiongezwa asilimia 5 au 10, wateja watahama au watabaki?

Sasa tuitazame historia yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Posta na Simu. Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa, na simu zikawa mikononi mwa TTCL. Katika miaka hiyo hiyo Mobitel ilianza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam. Zilikuwa simu za wakubwa na wafanyabiashara, watu waliokwisha kuwa na simu ya mezani ofisini. Hawakuikata. Waliongeza ya pili ili wapatikane hata wakiwa njiani. Hapo simu hizo zilikuwa ndugu.

Kisha ikaja Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na vocha zikaenea mitaani. Mteja hakuhitaji tena kusubiri nguzo wala fundi wa kuvuta waya.

Tazameni hesabu. Mwaka 2000 simu za mezani hazikufika laki mbili, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 30. Mwaka 2010 laini za mkononi zilipita milioni 20, na za mezani bado zilikuwa chini ya laki mbili. Mamilioni hayo ya wateja yalitoka wapi? Hayakutoka mezani. Yalitoka kwenye foleni ya maombi, kwenye vibanda vya simu, kwenye barua na kwenye salamu zilizopelekwa na madereva wa mabasi. Kwa wengi, simu ya mkononi haikuwapokonya waya. Iliwafikia pale ambapo waya haukufika kamwe.

Marekani mambo yalikuwa mengine. Kule waya ulikuwa karibu katika kila nyumba, na kufikia nusu ya pili ya mwaka 2016 zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa na simu za mkononi tu. Huko ni wake wenza hasa, na mke mkubwa ameondoka.

Kwa hiyo nasema, asiwepo wa kutuletea jibu la ugenini na kulibandika hapa. Mwaka 2001 serikali ilipouza asilimia 35 ya hisa za TTCL, kampuni hiyo ilibaki peke yake katika simu za mezani hadi mwaka 2005. Kusema kwamba simu za mkononi zingetosha kuibana ni kuisahau ofisi iliyotaka faksi na intaneti. Simu ya mkononi ya wakati ule haikuweza kazi hiyo. Na mkulima wa kijijini je? Kampuni za mkononi zikipandisha bei, hana simu ya mezani ya kukimbilia.

Tena waya haujafa. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza nchi kavu. Mazungumzo mengi yanayoruka hewani kutoka mnarani husafirishwa na waya huo huo tuliouzika.

Mdhibiti mwema, basi, haulizi simu ipi imeshinda. Huuliza: ni mteja yupi, kwa kazi ipi, na akipandishiwa bei leo atakwenda wapi? Asiye na pa kwenda ndiye wa kulindwa.