Mto Mmoja, Dini Mbili

Nilipoacha kwenda kanisani, mama aliniuliza swali moja tu: "Nani amekufundisha hayo?"

Sisi Wapokomo tunanywa mto mmoja, Tana. Lakini huko juu wengi ni Waislamu, na huku chini, upande wetu wa Garsen, wengi ni Wakristo. Tulizaliwa hivyo? Wapi! Mwaka 1887 wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walifungua misheni Ngao. Huko juu ukaenea Uislamu. Kabla ya hapo wazee walikuwa na ngadji, ngoma takatifu. Waingereza waliichukua, na leo iko London.

Kwa hiyo mtoto hufuata mzazi, na mzazi alimfuata aliyefika kijijini kwake. Ila tunasahau kitu: wale wa kwanza kubatizwa Ngao hawakuirithi dini hiyo kwa wazazi. Kila dini ya kurithi iliingia ukooni na mtu aliyeiacha njia ya babake.

Nilimwambia mama hivyo. Akaendelea kupepeta mchele wake.

"Sawa," akasema. "Lakini wao waliacha wakijua wanakokwenda. Wewe je?"

Mpaka leo sijamjibu.