Wauza Programu na Mfumo Huria

Msomaji kijana, ukipata kufika Malaba au Busia, upande wa Kenya, simama kando ya barabara uutazame msafara wa malori yaelekeayo Uganda. Kabla ya kituo cha pamoja cha Busia kufunguliwa rasmi mwaka 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, lori lilisimama mara mbili: kwanza kwa forodha ya Kenya, kisha, baada ya mwendo mfupi, kwa forodha ya Uganda. Yaliyokwisha kuandikwa upande huu yaliandikwa tena upande wa pili. Shehena ni ile ile, na dereva ni yule yule.

Wengi waliwalaumu makarani. Lakini sehemu ya kisa ilikuwa katika mashine. Tangu mwaka 2005 forodha ya Kenya ilikuwa ikitumia programu iitwayo Simba, na ile ya Uganda ikitumia ASYCUDA, iliyobuniwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo. Kila moja iliijua kazi yake, ila haikuielewa lugha ya mwenziwe. Ndipo kikatengenezwa chombo cha kati, RADDEx, cha kuchukua taarifa upande mmoja na kuzifikisha upande wa pili kabla lori halijafika. Kazi hiyo yanikumbusha zile baiskeli za Busia zilizokuwa zikiwapakia wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, zikapewa jina la boda boda, jina ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Nimeanza na forodha kwa kuwa habari ninayotaka kukusimulia ina mpaka wake pia. Kompyuta haiwezi kufanya kazi bila programu kuu iitwayo mfumo endeshi, ambayo hupokea amri na kuziruhusu programu nyingine kutumia mashine. Aghalabu mfumo huo huuzwa. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akikusudia mfumo ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchungua, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini alichokiandika, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Viwili hivyo vilipounganishwa, ulimwengu ukapata mfumo huria ambao wengi huuita Linux.

Lakini mfumo huo ulikuwa kama soko jipya lililojengwa vizuri, vibanda tele, bidhaa haba. Mhasibu aliuliza, "Programu yangu ya hesabu iko wapi?" Muuza programu naye akauliza, "Wateja wako wapi?" Kila mmoja alisimama upande wake wa mpaka akimngoja mwenziwe avuke kwanza.

Usidhani kuwa hofu ya wauzaji ilikuwa ya kijinga. Kuihamisha programu hadi mfumo mwingine kwataka mafundi, majaribio, na watu wa kuwajibu wateja wanapokwama. Tena Linux haikuwa moja: kulikuwa na Red Hat, na Debian, na nyingine nyingi, kila moja na tofauti zake. Na je, mtu aliyepata mfumo wake bure angekubali kununua programu? Kampuni ya Corel ya Kanada ilijaribu. Mwaka 1998 ilitoa WordPerfect, programu ya kuandikia, kwa watumiaji wa Linux. Lakini baada ya miaka michache ikaacha kuiendeleza. Sioni haya kuitaja habari hiyo, ingawa wapenzi wa mfumo huria hupenda kuiruka.

Hata hivyo mwaka huo huo fundo lilianza kufunguka mahali pengine. Oracle na Informix, wauzaji wakubwa wa programu za hifadhidata, walitangaza kwamba bidhaa zao zingefanya kazi juu ya Linux. Kwa nini wao, na si wauza programu za nyumbani? Kwa sababu wateja wao walikwisha kuvuka. Vyuo vikuu na kampuni za intaneti zilikuwa na mashine za Linux zikifanya kazi usiku na mchana, na wenye mashine hizo walikuwa na fedha za kununua hifadhidata. Ombi lao halikuwa la huruma. Lilikuwa la mnunuzi aliyekwisha kushika mkoba. Mwaka 1998 pia ulianzishwa mradi wa Linux Standard Base, wa kuzipatanisha zile Linux mbalimbali ili programu moja ifae kote. Nao wakuu wa IBM wakatangaza kuwa katika mwaka 2001 wangetumia dola bilioni 1 kwa ajili ya Linux.

Kwetu Afrika Mashariki, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi zinenazo Kiswahili. Haikupita muda mrefu Microsoft nayo ikaleta Kiswahili katika programu zake. Siwezi kukuapia kwamba hili lilizaa lile. Lakini muuzaji aonaye watu wakijishonea nguo wenyewe hukumbuka upesi kwamba nao walikuwa wateja.

Turudi mpakani. Uganda baadaye ilihamia ASYCUDA World, iliyoandikwa kwa namna ambayo haiichagulii serikali mfumo endeshi: yaweza kukaa juu ya Linux au juu ya mfumo wa kununuliwa. Jambo hili laonekana dogo. Kumbe serikali isiyofungwa na muuzaji mmoja huweza kujadiliana bei.

Na sasa mtazame mbadilishaji fedha wa Busia, na mabunda yake ya shilingi za nchi mbili. Simu aliyo nayo, ikiwa ni ya Android, ina kiini cha Linux ndani yake. Simu ya kwanza ya namna hiyo iliuzwa mwaka 2008. Mabenki na kampuni za simu huziandika programu zao kwa ajili ya Android bila kusihiwa na mtu, maana wateja wako huko. Ni kweli kwamba si yote yaliyomo katika simu hiyo ni huria, na mengi hayachunguziki.

Kwenye meza ya ofisi mambo ni magumu zaidi. Tuseme shule yako hapo mpakani imepewa kompyuta kuukuu kumi, na mwalimu akaziwekea Linux kwa kuwa leseni ya mfumo mwingine ni ghali. Mhasibu wa shule atakuja na programu yake ya hesabu, aiweke, nayo ikatae. Akimwandikia muuzaji kwamba programu ni mbaya, barua itatupwa. Lakini akikusanya shule ishirini za Busia, akaandika idadi ya kompyuta zao, jina la Linux wanayotumia, kosa lililotokea mstari kwa mstari, na kiasi ambacho kila shule iko tayari kulipa kwa mwaka, barua hiyo itafika kwenye meza ya mtu anayepiga hesabu. Huenda jibu likawa hapana. Basi na aombe jambo la pili, lililo rahisi zaidi kutoa: programu ihifadhi hesabu katika faili ambalo programu nyingine zaweza kulisoma, ili siku shule itakapohama, vitabu vyake vihame nayo.