Kiwanda Kabla ya Shamba: Mnyororo wa Chai Kericho na Bomet

Wataalamu wa uchumi wa kilimo huita "mnyororo wa thamani" mfululizo wa hatua ambazo zao hupitia tangu linapotoka shambani hadi linapomfikia mlaji, kila hatua ikiongeza bei yake na kumwachia aliyeishika fungu lake. Katika nyanda za juu za Kericho na Bomet kiwanda kilitangulia, na mkulima mdogo akaungwa kwenye mnyororo huo miaka 30 baadaye, kwa masharti ambayo hakushiriki kuyatunga.

Kabla ya chai, nchi hiyo ilikuwa ya ng'ombe na wimbi wa Wakipsigis. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawia maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani sehemu ya ardhi hiyo ili walime kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Bei ya kitani ilipoanguka mradi ukafa, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 ardhi ilikuwa imeingia mikononi mwa kampuni za chai za Brooke Bond na James Finlay. Wenyeji walisukumwa kwenye rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, na mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Kampuni zilikuja na kila kitu: viwanda, barabara, nyumba za vibarua, ambao wengi wao walitoka Nyanza, na zaidi ya yote fedha za kungojea miaka kadhaa kabla ya michai kuanza kulipa.

Sababu ya kiwanda kuwa na nguvu kiasi hicho imo ndani ya jani lenyewe. Wimbi huvunwa ukawekwa ghalani hadi bei ipande, na mwenye ghala anaweza kumkatalia mnunuzi. Jani la chai, mara tu linapochumwa, huanza kubadilika, na likirundikwa hupata joto, likageuka jekundu na kuharibika katika muda wa saa chache. Ni lazima linyaushwe, yaani lipunguzwe maji kwa hewa, kisha lipondwe na kuraruliwa, liachwe lichachuke hadi ligeuke rangi, na hatimaye likaushwe kwa moto, na katika safari hiyo kilo nne hadi tano za majani mabichi huzaa kilo moja ya chai kavu. Mwenye michai bila kiwanda, au mwenye kiwanda kisichofikika kwa barabara wakati wa mvua, ana kichaka tu.

Hata hivyo, si jani peke yake lililomzuia Mkipsigis kulima chai. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1933 ulibana upanuzi wa mashamba ili kulinda bei, na sera ya kikoloni, iliyotoa vibali vya kilimo hicho, iliwaweka Waafrika nje; hoja iliyotolewa ilikuwa ubora, ingawa ni vigumu kutotambua kwamba mtu mwenye chai yake nyumbani hana haraka ya kwenda kuchuma ya mwingine.

Mlango ulifunguliwa na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotolewa wakati wa vita vya Mau Mau kwa matumaini kwamba mkulima mwenye hati ya ardhi na zao la biashara angekuwa raia mtulivu. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikarithiwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, inayojulikana zaidi kwa herufi KTDA. Ilitoa miche kwa mkopo na kuukata kwenye malipo ya majani, ikasimamia uchumaji na usafirishaji, na kwa fedha zilizotoka pia Benki ya Dunia ikajenga viwanda, huku mkulima akitakiwa kutouza majani yake kwingine.

Kiungo kilichomhusu mkulima kila siku kilikuwa kituo cha kununulia majani, kibanda cha kando ya barabara chenye meza na mizani ya kuning'inia. Mchumaji hufika na kikapu mgongoni, majani humwagwa mezani, na karani huyapekua kwa vidole akitafuta majani mawili na chipukizi. Yaliyokomaa hutupwa kando, yaliyobaki hupimwa, na namba ya mkulima huandikwa pamoja na kilo zake. Kisha hungojewa lori. Lori likichelewa, hasara huwa ya aliyechuma.

Mwaka 2000 KTDA ilibinafsishwa, na viwanda kama Litein, Kapkoros na Mogogosiek vikawa vya kampuni ambazo wenye hisa ni wakulima wenyewe. Malipo yao huja mara mbili: kiasi kidogo kila mwezi, kisha bonasi, yaani salio linalotolewa mwaka wa fedha unaoishia Juni unapofungwa na gharama kuondolewa. Kwa hiyo mkulima ni mwenye kiwanda, lakini bei huamuliwa Mombasa, uliko mnada wa chai tangu mwaka 1969, na chai ikishanunuliwa huchanganywa na za kwingine, nyingi ikielekea Pakistan, hadi jina la Litein likapotea ndani ya pakiti.

Bei hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko ya sasa, kwa kuwa chai ya magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida huuzwa chini ya ile ya mashariki, ya Kirinyaga au Murang'a, na bonasi hufuata bei. Bei ya chini kabisa iliyowekwa mnadani mwaka 2021 haikuziba pengo hilo. Chai ambayo wanunuzi hawakuitaka kwa bei hiyo ilirundikana maghalani. Wapo wakulima wa Bomet na Kericho ambao badala ya kungoja Oktoba, mwezi wa bonasi, huwauzia wachuuzi wa viwanda vya binafsi majani yao, wakilipwa papo hapo na kuisamehe bonasi, na kila gunia linaloondoka hivyo hukiacha kiwanda chao kikiendesha mitambo ileile kwa majani pungufu.